Mkaa na Dhima ya Mwenye Kuchagua

Mkaa ni kitu kidogo mno kuandikiwa insha. Huuzwa kando ya njia, huchafua mikono, na mwisho wake ni jivu. Walakini mjini Ifakara milo michache tu hukaa mbali na mkaa. Nyama ichomwayo jioni, mishikaki igeuzwayo juu ya wavu, ndizi na mahindi ya kuchoma, na kambale wa mto Kilombero apandishwaye juu ya uchanja, vyote hivyo hupita mikononi mwa mtu ambaye kabla ya kuwasha moto alichagua. Alitazama magunia mawili au matatu, akapima kwa jicho na kwa kidole, akatoa fedha yake, akaenda zake. Uchaguzi huo huisha mara moja, hata mwenyewe hausahau kwa sababu hakuutia moyoni. Lakini ndani yake mna swali ambalo wenye hekima wamelizunguka tangu zamani: mtu anapochagua kitu, dhima yake huishia wapi? Je, huishia kwenye kitu kilicho mbele ya macho yake, au hufuata nyuma mpaka kule kitu kilikotoka?

Kabla ya kujibu, yafaa kwanza kumtendea haki mchomaji, na kutazama ni nini anachokijua. Elimu yake si haba. Anajua kwamba mkaa mzuri hulia ugongwapo, na mlio wake ni wa kigae, si wa ubao. Anajua kwamba ukivunjwa, ndani hung'aa. Na kwamba ule unaobaki na rangi ya kahawia moyoni haukuiva, nao utatoa moshi wa kuwasha macho na kutia uchungu katika nyama, kwa kuwa tanuri halikumaliza kazi ya kuufukuza unyevu na lami iliyomo ndani ya mti. Anajua kwamba mkaa wa mti laini hushika moto upesi na kuisha upesi, na kwamba mkaa wa miti migumu, kama ile ya jamii ya miyombo, huchelewa kushika lakini ukishashika hudumu. Kadhalika anajua kuwa gunia lenye chenga nyingi ni hasara, hata likiwa limejazwa lumbesa mpaka juu ya mdomo wake. Mambo haya hakuyasoma katika kitabu. Aliyapata kwa kuunguza nyama za watu na kulaumiwa.

Elimu hii si ya Ifakara peke yake. Mwaka 1952, karibu na jiji la Chicago nchini Marekani, George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyuma kilichotengeneza maboya, alilichukua boya akaligeuza kuwa jiko la duara lenye kifuniko na matundu ya kupitishia hewa. Majiko ya namna hiyo yameenea duniani, na wenye kuyatumia wana ubishi wao wa siku nyingi: je, ni bora mkaa wa vipande vya mti au mkaa ulioshindiliwa ukawa vitofali? Ule wa kwanza huwaka kwa ukali na kuacha jivu kidogo. Huu wa pili huwaka polepole, kwa joto la kadiri moja, nao huacha jivu jingi. Mmoja humfaa mwenye kuchoma upesi. Mwingine humfaa mwenye kukausha nyama au samaki kwa saa nyingi chini ya kifuniko, huku kipande cha mti wa matunda kikitoa moshi pole pole. Mchomaji wa Ifakara, ambaye pengine hajapata kuliona jiko la aina hiyo, angeufahamu ubishi huo mara moja, maana ndio wake. Yeye naye hupunguza hewa kwa bati au kwa jivu apatapo kutaka moto mpole, na huufungulia moto apatapo kutaka ukali.

Ubishi huo una manufaa, lakini msomaji na atazame una upungufu gani. Karibu kila hoja yake inahusu moto: ukali wake, muda wake, jivu lake na harufu yake. Mti hautajwi ila kwa kadiri unavyoufaa moto. Mchagua mkaa, awe Chicago au Ifakara, ni hodari wa kuyajua yatakayotokea baada ya kuwasha, naye ni mgeni wa yaliyotokea kabla.

Ugeni huo una sababu, wala si uzembe mtupu. Mkaa ni bidhaa isiyo na kumbukumbu. Mchele hutambulika kwa harufu na umbo la punje. Samaki hutambulika kwa ngozi na ndevu zake. Ubao wa mninga hujitangaza kwa rangi yake hata ukiwa umefanywa mlango. Mti ukishakuwa mkaa hupotewa na jani, gome, rangi na harufu. Mtaalamu mwenye hadubini aweza bado kuitambua jamii ya mti kwa kutazama vijitundu vilivyosalia ndani ya mkaa, lakini hata yeye hawezi kuona uliota katika ardhi ya nani, wala kama aliyeukata alikuwa na ruhusa. Hata ulimi hausaidii. Ladha ambayo walaji huiita ladha ya mkaa, sehemu yake kubwa haitoki katika mkaa. Mafuta ya nyama hudondoka juu ya makaa, huungua, na kurudi juu yakiwa moshi. Mkaa ulioiva vizuri wenyewe hauna moshi wa kutajika. Basi mla nyama hawezi kuonja msitu. Nyama iliyochomwa kwa mti wa wizi na nyama iliyochomwa kwa mti wa halali ni tamu sawasawa.

Hapo ndipo shida ya maadili huanza. Kama ubaya wa kitu ungekuwa na ladha, watu wangeukimbia bila ya kuhitaji wema. Ni kwa sababu hauna ladha ndiyo maana yapasa kuuliza.

Bonde la Kilombero ni mahali pema pa kulipima jambo hili, maana humo njia kutoka kwenye mti hadi kwenye sahani ni fupi. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Upande wa pili yameinuka mabonde na vilima vya Mahenge. Katikati imelala tambarare ifurikayo wakati wa masika, yenye eneo la karibu hekta 800,000, ambayo mwaka 2002 iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu. Miti ya milimani na ya miyombo hushika udongo na kuichelewesha mvua, isiteremke yote kwa siku moja. Maji yaliyocheleweshwa ndiyo mto wa kiangazi, na mto ndio riziki ya wavuvi, wakiwamo Wandamba, ambao wameishi kwa samaki na mpunga wa bonde hilo kwa vizazi vingi.

Mchoma mkaa naye ana kazi yake, wala si nyepesi. Huyapanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huwasha, kisha hulinda tanuri siku kadhaa, usiku na mchana, hewa isije ikapenya ikageuza jasho lote kuwa jivu. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hutaka kilo 5 hadi 10 za kuni. Joto la kilo moja ya mkaa linakaribia mara mbili ya joto la kilo moja ya kuni kavu. Basi kwa hesabu nyepesi, sehemu kubwa ya nguvu ya mti huishia hewani kabla ya gunia kufika sokoni. Aonaye gunia moja ameona gunia moja; hakuona rundo la magogo lililokuwa kabla yake.

Sasa msomaji na amfikirie mkausha samaki ukingoni mwa mto. Hana barafu, hana umeme wa kutegemea, na samaki huoza siku ile ile. Moshi na joto ndivyo vinavyomwokoa: joto humwondolea samaki maji, na dawa zilizomo katika moshi huwazuia wadudu waozeshao. Kazi yake ni njema, maana huokoa chakula kisipotee. Lakini ikiwa mti alioununua ulikatwa ovyo juu ya vijito viulishavyo mto, basi anatumia mti kumhifadhi samaki wa leo, na kwa tendo hilo hilo humpunguza samaki wa kesho. Moto wake unakula kile kile unachokihifadhi. Wala jambo hilo haliishii bondeni. Kilombero huungana na Luwegu kuwa Rufiji, nao hutoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Na juu ya Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Hivyo hata umeme unaotarajiwa kumtoa mpishi katika mkaa hutegemea mto ambao ukataji wa ovyo huujaza udongo.

Je, kutojua ni udhuru? Aristotle, katika kitabu chake cha maadili alichoandikiwa Nikomako jina, alisema kuwa watunga sheria humwadhibu mtu hata kwa kutojua kwake, ikiwa kutojua kwenyewe kumetokana naye. Na mfano wake ulikuwa mlevi, ambaye adhabu yake ilikuwa maradufu, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kutolewa. Tofauti hiyo ni ya kweli na inafaa kwa mkaa. Kuna kutojua kunakompata mtu, na kuna kutojua anakokulinda. Yule asiyeuliza kwa kuwa hakupata kuwaza kuwa kuna la kuuliza hayuko sawa na yule asiyeuliza kwa kuwa anahofia jibu. Sokoni aghalabu hufungwa mkataba usiotamkwa: muuzaji hasemi, mnunuzi haulizi, na kila mmoja humshukuru mwenzake kwa adabu hiyo. Mkataba huo ndio unaoulaumika, maana una watu wawili wanaojua vya kutosha kunyamaza.

Lakini haitoshi kusema kuwa kila mnunuzi ana dhima. Neno hilo likiachwa hivyo huwa dhuluma, kwa kuwa huwatwika mzigo mmoja watu wasio na mabega sawa. Wako wanunuzi wa namna tatu. Wa kwanza ni mama anunuaye mkaa kwa kopo, wa kutosha ugali wa jioni na chai ya asubuhi. Hana fedha ya gunia, wala ya mtungi wa gesi. Na kopo kwa kopo hulipa ghali kuliko mwenye kununua gunia zima. Wa pili ni mkausha samaki, ambaye moto ni chombo cha kazi yake, na asipoupata usiku huu mtaji wake utanuka kesho. Wa tatu ni mchoma nyama mwenye wateja wake, na pamoja naye yule aandaaye karamu nyumbani, aliyenunua jiko zuri na wavu mpya kwa ajili ya furaha ya siku ya mapumziko. Hawa wote waweza kusimama mbele ya gunia moja, kwa muuzaji mmoja, saa moja. Mkaa wao ni mmoja. Dhima yao si moja.

Kipimo cha dhima hiyo kina pande mbili. Upande wa kwanza ni uwezo wa kujua: je, mtu huyu ana nafasi ya kuuliza, na ana neno la kumfanya muuzaji ajibu? Upande wa pili ni uwezo wa kuacha: je, akiambiwa jibu baya, anaweza kuliacha gunia hili akaenda kwa lingine, au akangoja, au akala kitu kingine? Mama wa kopo ana kidogo sana katika pande zote mbili. Akiliacha kopo, watoto hulala na njaa. Mkausha samaki ana zaidi kidogo, maana hununua kwa wingi na muuzaji humtaka arudi. Mwenye karamu ana vyote. Nyama choma si haja ya mwili ambayo haina njia nyingine. Ni starehe, na starehe yake ni halali. Lakini palipo na starehe pana hiari, na palipo na hiari pana dhima.

Historia ya karibuni katika Tanzania yaweza kupimwa kwa mizani hiyo. Mwezi wa Januari 2006 serikali iliupiga marufuku mkaa, na marufuku hayo hayakudumu ila kwa muda wa majuma machache. Hayakuweza kudumu, maana yaliwaangukia wote kwa uzito mmoja, na wengi wao hawakuwa na kitu cha kuushika badala ya mkaa. Kando ya Hifadhi ya Udzungwa, wanakijiji walikuwa wameruhusiwa kuingia siku moja kwa juma kuokota kuni za miti iliyokufa; ruhusa hiyo ilikomeshwa mwaka 2011. Kuilinda hifadhi kuna hoja nzito, na hakuna haja ya kuipuuza. Walakini aliyefungiwa mlango huo alikuwa ndiye mwenye hiari ndogo kuliko wote, na yule aliyekuwa akiokota mti uliokufa akabaki na njia ya kununua mti uliouawa. Sheria ifungayo mlango bila ya kufungua mwingine haipunguzi kosa, hulihamisha. Agizo lililotolewa baadaye, la kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, lilikuwa na busara zaidi katika jambo hili moja: lilianza na wenye majiko makubwa na mifuko mirefu, si na kopo la mama.

Mtu aweza kuleta pingamizi. Atasema: mkaa wa nyama choma ni kidogo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kuwa Tanzania ilitumia tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na nusu yake iliungua Dar es Salaam, nyingi yake katika majiko ya nyumbani. Wachoma mishikaki wa Ifakara ni tone katika bahari hiyo. Kuwabana wao ni kutafuta maadili mahali pasipo na matokeo. Pingamizi hili lina nguvu, nalo halijibiwi kwa kudai kuwa tone ni kubwa. Jibu lake ni jingine. Mkaa uliotengenezwa kwa haki hugharimu zaidi, kwa kuwa aliyeutengeneza alilipa ushuru, alipima miti yake na kuacha mingine. Mtu wa kwanza kuulipia mkaa huo hawezi kuwa mama wa kopo. Ni lazima awe yule ambaye nyongeza ya bei haitamwondolea mlo. Asipoanza yeye, hakuna atakayeanza, na mkaa wa haki utakufa sokoni kwa kukosa mnunuzi. Kwa hiyo mwenye karamu, ingawa mkaa wake ni mchache, ana kitu ambacho wenye mkaa mwingi hawana.

Wala mkaa wa haki si ndoto. Katika wilaya ya Kilosa, mkoani humo humo Morogoro, mradi ulioanza mwaka 2012, wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa wanavijiji uitwao MJUMITA, ulionyesha njia. Msitu wa kijiji uligawanywa katika miraba midogo ya mita 50 kwa 50, kama ubao wa dama. Mraba mmoja hukatwa, na jirani zake huachwa. Visiki havikung'olewa, maana miti ya miyombo ina tabia ya kuchipua upya kutoka kwenye kisiki na mizizi. Mraba uliokatwa ulipangiwa kupumzika miaka 24. Ushuru uliingia katika mfuko wa kijiji. Mkaa wa namna hiyo unatoka kwenye mti uleule, huwaka kwa moto uleule, na kwa macho hauwezi kutofautishwa na mwingine. Tofauti yake yote iko katika habari zake, na habari hazipatikani ila kwa kuuliza.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo ni la mchoma mkaa mwenyewe. Naye ana watoto. Mara nyingi alishika shoka kwa sababu mvua ilimwangusha, au mazao yalikosa bei. Mwenye karamu akiukataa mkaa wake kwa jina la msitu, si kana kwamba tajiri ameununua utakatifu wake kwa njaa ya maskini? Tena miti mingi ya bondeni haikuangushwa kwa ajili ya mkaa; iliangushwa ili pawe shamba la mpunga au la miwa, na kama isingechomwa katika tanuri ingechomwa palepale bila faida. Mkaa wa miti hiyo, je, si uokoaji wa kitu kilichokwisha kupotea?

Ukweli wa maneno hayo ndio unaoonyesha kwa nini kuuliza ni bora kuliko kukataa. Anayekataa mkaa wote humhukumu aliyesafisha shamba lake kwa haki pamoja na aliyeingia usiku katika hifadhi. Anayeuliza huwatenga. Akiambiwa kuwa mti ulitoka katika shamba la mtu aliyelima kwa ruhusa, anaweza kuununua mkaa huo na moyo wake ukatulia kwa kadiri inayostahili. Akiambiwa kuwa shamba lenyewe lilikatwa ili pawe sababu ya mkaa, amejua. Na mchoma mkaa naye hupata faida kwa kuulizwa, maana palipo na maswali ubora wa kazi yake huwa na bei. Tanuri lililopangwa vizuri kwa kuni zilizokauka hutoa mkaa mwingi zaidi kwa magogo yale yale, lakini hutaka siku na uangalifu. Ni nani atakayetoa uangalifu huo kwa soko lisilotofautisha? Wahenga walisema, mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Hali kadhalika mchoma mkaa ni mmoja, wenye kuota moto wake ni wengi, na si haki lawama yote ikae kwake.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa limekwisha kupata dawa, nayo ni mkaa wa taka. Katika bonde la mpunga wazo hilo huja lenyewe, maana pumba ni karibu sehemu moja katika tano ya uzito wa mpunga unaokobolewa, na vilima vyake huonekana kando ya mashine. Vilevile viko vumbi na vipande vya msaji kutoka katika mashamba yaliyopandwa bondeni tangu miaka ya 1990. Fikira hiyo si ngeni: katika miaka ya 1920 kiwanda cha Henry Ford nchini Marekani kilifanya mkaa wa vitofali kutokana na mabaki ya mbao za kutengenezea magari. Lakini haifai kuisifu dawa kuliko inavyotibu. Karibu sehemu moja katika tano ya pumba ni madini yasiyoungua, kwa hiyo vitofali vyake huacha jivu jingi na huwaka kwa upole. Anayetaka kuchoma mshikaki kwa dakika chache atachukizwa navyo. Anayepika maharage kwa saa tatu, au anayetaka joto la chini chini kwa samaki mnene, atavipenda. Na moshi wa kumtia samaki ladha ataupata kwa matawi yaliyopogolewa ya mwembe au mpera, ambayo hayamwui mti.

Basi uchaguzi wa haki una gharama, na gharama hiyo si ya fedha tu. Wakati mwingine ni ya subira: kungoja moto unaochelewa, kukubali jivu, kula saa mbili badala ya saa moja. Yafaa hili lisemwe wazi, kwa sababu wema unaotangazwa kuwa hauna gharama huachwa siku ya kwanza gharama inapojitokeza. Mchomaji atakayeambiwa kuwa mkaa wa pumba ni sawa na wa mti mgumu atajaribu mara moja, ataona amedanganywa, na hatarudi. Atakayeambiwa ukweli aweza kuchagua kwa kujua: mti mgumu wa msitu uliopimwa kwa nyama yake, pumba kwa sufuria yake.

Mambo yanayompasa mwenye hiari hayazidi matatu. La kwanza, amwulize muuzaji mti huu ulitoka wapi, na ardhi ni ya nani. Naye asichoke kwa kuwa mara ya kwanza atajibiwa kwa kicheko. La pili, akisikia habari njema na kuona dalili za ukweli wake, alipe nyongeza bila kunung'unika, maana nyongeza hiyo ndiyo bei ya mti ulioachwa umesimama. La tatu, asigeuke kumkaripia mama wa kopo. Hili la tatu ndilo linalosahauliwa upesi. Watu waliokwisha kununua mkaa wa haki hupenda kuhubiri, na mahubiri huwaangukia walio karibu na walio wanyonge. Asiyekuwa na njia mbili hawezi kulaumiwa kwa kupita iliyo moja. Aliye na njia mbili ndiye apaswaye kueleza kwa nini alipita hii akaiacha ile.

Yawezekana muuzaji aulizwaye leo asiwe na jibu, maana gunia limepita mikononi mwa watu wawili au watatu, likapakiwa juu ya baiskeli usiku, likashushwa alfajiri. Lakini akiulizwa na wateja kumi kwa juma moja, yeye naye atamwuliza aliyemletea. Na huyo, kabla ya kulisimamisha tena tanuri lake, atakuwa na jambo la kufikiri.